Isuzu NPR ya viazi niliyoigeuza lori la farasi, miaka sita baadaye

Nimekaa na hii lori mwaka wa sita sasa na kila nikiipaki pale Ngong Racecourse ama kwa shoo ya Jamhuri lazima mtu aje aizunguke, ainame aangalie chesisi, agonge bodi kwa ngumi halafu aniulize, hii kitu inakukulaje? Nimejibu hilo swali hadi nimechoka, kwa hivyo leo naandika yote mara moja, pesa na shida na raha yake, ndio mwenye anafikiria kununua lori kuukuu aliweke bodi ya farasi ajue anaingia wapi.

Yangu ni Isuzu NPR 66, injini ya 4HF1, lita 4.3, mitungi minne, haina turbo. Imeunganishwa hapa hapa Nairobi, Mombasa Road, wakati kampuni ilikuwa bado inaitwa General Motors East Africa, hili jina la Isuzu East Africa limekuja 2017. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Njabini ambaye alikuwa anabebea viazi kutoka Kinangop hadi Marikiti, na saa zingine anaishia Soko Mjinga. Odometa ilikuwa imekufa zamani, kwa hivyo kilomita zake anazijua Mungu. Mzee alitaka 1,100,000, tukakunywa chai kwake mara tatu, mara ya tatu akaniambia kijana wangu lete 950,000 uende nayo, lakini usiniletee habari ati gia ya tatu inalia, hiyo nimekuonyesha. Alikuwa amenionyesha kweli. Alinipa hata bisibisi na jeki yake ya zamani. Hio jeki bado natumia.

Niseme pia mimi ni nani, maana inabadilisha vile naangalia hii gari. Nilianza kama saisi, yaani mtunza farasi, nikiwa na miaka 19, na miaka kumi na moja nilikuwa napanda na farasi wa watu kwa malori ya watu, Nairobi hadi Gilgil, Nakuru, Nanyuki, Timau, narudi. Nimeona farasi akishuka amelowa jasho kama ametoka mtoni na hajakimbia hata hatua moja, amechoka tu kwa kushikilia miguu njia yote kwa sababu dereva alidhani amebeba mchanga. Sasa nina farasi wangu watatu, nafundisha watoto kuendesha, na nilipofika mahali pa kununua gari yangu nilijua kabisa kitu kimoja, kwamba injini ya Isuzu haitanisumbua, kitakachonisumbua ni sakafu na breki. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, tena mapema kuliko nilivyofikiria.

Nianze na sakafu. Ukisoma hapa pekee yake halafu uende zako, sawa.

Fundi wa kwanza aliyenitengenezea bodi (simtaji, jua kali yake iko mjini na anafanya kazi nzuri kwa malori ya mzigo) aliweka mbao za saiprasi za inchi moja, juu yake plaiwudi, juu yake mati za raba zile za ng'ombe wa maziwa, akazigundisha zote na gluu zikashika kama zimezaliwa pamoja. Ilipendeza sana. Nilipiga picha. Kwa viazi hio sakafu ingekaa miaka kumi, lakini farasi anakojoa, na anakojoa mingi, na mkojo wake ukiingia chini ya raba hauna mahali pa kutokea, unakaa hapo unapika mbao taratibu. Mwaka wa pili nikaanza kusikia harufu kali ya ile inachoma macho hata baada ya kuosha, halafu siku moja nikikanyaga pembe ya nyuma upande wa kushoto, pale farasi wangu Tausi husimama, raba ikabonyea kidogo. Kidogo tu. Nikakata raba na kisu, nikachukua ile bisibisi ya mzee wa Njabini nikaisukuma kwa mkono, si kwa nyundo, kwa mkono, ikaingia hadi kwa kishikio.

Niliketi pale chini kwa muda. Tausi ni kilo 480, farasi jike aliyetoka kwa mbio, na uzito huo wote unashuka kwa kwato nne ambazo kila moja ni kama sahani ndogo ya kikombe. Wiki iliyopita yake tulikuwa tumetoka Nakuru tukiwa kilomita 70 kwa saa. Mguu ukipenya sakafu gari ikiwa mwendo hakuna mtu anaweza kukusimulia kinachobaki, na mimi nimewahi kusikia masaisi wazee wakisimulia, na huwa wanaacha katikati.

Tulifungua sakafu yote. Mbao zilikuwa nyeusi, zinavunjika na vidole, na vile vyuma vya kukingama vinavyobeba sakafu, viwili vya nyuma vilikuwa vinabanduka magamba ya kutu. Nikaanza upya na fundi mwingine, mzee wa Kariobangi ambaye kabla ashike msumeno aliniuliza farasi husimama wakiangalia wapi na wanakojoa wapi. Nikajua huyu ndiye. Maana jike anamwaga nyuma yake na dume aliyehasiwa anamwaga katikati chini ya tumbo, kwa hivyo sehemu za kuoza hazifanani, inategemea nani anasimama wapi. Akabadilisha vile vyuma viwili, vingine akavisugua kwa brashi ya waya hadi ving'ae, redoksaidi ya kuzuia kutu mara mbili, halafu ile rangi nyeusi ya lami. Mbao tukaweka bluu gam, yaani mkaratusi, ya inchi mbili iliyokauka vizuri, na kati ya mbao na mbao akaacha nafasi ya kama milimita 5 ndio maji yashuke chini yaende. Plaiwudi hakuna. Gluu hakuna. Mati za raba zimelala tu kwa uzito wao, mtu mmoja anaweza kuzikunja na kuzitoa. Hio kazi ilinikula 138,000 na ndio pesa bora nimewahi kuweka kwa hii gari, ningeiweka mwanzo ningeokoa sakafu moja nzima.

Sasa utaratibu wangu ni huu. Tukifika nyumbani, farasi wakishuka, maranda yote yanatoka siku hio hio hata kama ni saa nne usiku, mati zinainuliwa, sakafu inaoshwa, halafu rampu na mlango mdogo vinaachwa wazi upepo upite hadi pakauke kabisa, maana maji ya kuosha yakifungiwa ndani nayo yanaozesha vile vile. Kila mwezi natembea na bisibisi nadunga kila ubao, juu na chini, pembe za nyuma mara mbili. Inachukua nusu saa. Ukitaka kununua lori la farasi la mtu, beba bisibisi, na mwenye gari akikukataza kudunga, mwambie asante urudi nyumbani.

Mbavu za ndani nimeweka plaiwudi ya milimita 18 na juu yake raba hadi kimo cha tumbo la farasi, kwa sababu wanapiga teke, na mabati matupu yakipigwa teke yanalia, farasi wa pili anaogopa, anapiga pia, na hapo safari imeharibika. Patisheni za kuwatenganisha hazifiki chini. Hii wengi wanakosea, wanafunga patisheni kama ukuta wa choo hadi kwa sakafu, na farasi anahitaji kupanua miguu ndio ajishikilie kwa kona, ukimnyima hio nafasi anaanza kupapatika na kupanda ukuta. Zangu zinaishia juu kidogo ya goti lake, chini ni raba laini inayoning'inia. Kamba naifunga kwa kitanzi cha uzi wa mkonge, sio kwa chuma moja kwa moja, ndio akishtuka na kujivuta uzi ukatike badala ya shingo. Na naiacha ndefu kiasi cha kumwezesha kuinamisha kichwa. Farasi aliyefungwa kichwa juu masaa mengi hawezi kukohoa vumbi likatoka, linabaki kifuani na anaweza kushuka na homa ya mapafu. Kila masaa matatu hivi nasimama, nawapa maji, nawaacha wainamishe vichwa. Nabeba jerikeni tatu za lita ishirini kutoka nyumbani kwa sababu Tausi maji ya kigeni anayanusa tu na kuyaacha.

Rampu ilinipa shida ya aina yake. Bodi ya NPR iko juu, sakafu yangu ni kama mita moja kutoka chini, na rampu ya kwanza ilikuwa mita 1.8, kwa hivyo ilisimama kama ngazi ya kupanda dari. Farasi wawili walipanda kwa imani tu. Tausi alikataa. Tulikuwa Gilgil, jioni, baada ya mechi za polo, nikiwa na saisi wangu na watu wengine wanne wema waliotusaidia, na kila mtu ana mbinu yake, mmoja anavuta, mmoja ana ndoo ya shayiri, mmoja anataka kupitisha kamba nyuma, na Tausi anatetemeka tu macho yametoka. Masaa mawili. Mwisho mzee mmoja saisi wa zamani alikuja akasema nyinyi wote ondokeni, akamwacha apumue, akafungua ule mlango mdogo wa mbele wa kutokea mtu, akawasha taa ya ndani, akarudisha gari kinyumenyume hadi kwa mwinuko wa udongo pale kando, rampu ikalala karibu sawasawa. Tausi akaangalia, akaona kuna mwanga upande ule mwingine, akapanda mwenyewe.

Nikarudi nyumbani na mambo matatu ya kufanya. Ndani kote nikapaka rangi ya maziwa, kwa sababu kwanza kulikuwa na giza na farasi haingii shimo. Rampu nikaongeza hadi mita 2.4, nikaweka vipande vya mbao vya kukanyagia kila sentimita 20 na juu yake mkeka wa makumbi ya nazi niliotumiwa kutoka Kilifi, unashika kwato hata ikinyesha na hautoi mlio wa ngoma kama mbao tupu. Na springi mbili za kusaidia kubeba, kwa sababu rampu ndefu ni nzito na ikimponyoka mtu inavunja mguu. Kila mtu wangu anajua kusimama kando, sio nyuma, hata kama springi ni mpya. Siku hizi Tausi anapanda ndani ya dakika mbili, na nikiona tuta la udongo popote bado naliegemea, sioni haya.

Breki sasa.

Kutoka Karen naingia Southern Bypass, natokea Gitaru, napanda Limuru hadi Kimende, halafu ni kushuka kuelekea Naivasha. Kupanda ni pole, injini haina turbo na kule juu hewa ni nyembamba, inatoa moshi mweusi kidogo gia ya tatu na malori ya mizigo yanakupita, waache wapite. Kushuka ndio kazi. Mwaka wa tatu, mwezi wa saba, ukungu Kimende ulikuwa umekaa hadi saa nne asubuhi, nikiwa na farasi watatu, tumeanza kushuka Kinungi nikasikia pedo imekuwa laini, nikakanyaga tena ikashuka zaidi, nikapampu, ikarudi nusu. Nilikuwa na gia ya nne. Nikashuka ya tatu, nikavuta egzosti breki, ile inazuia moshi ndio injini yenyewe ipunguze mwendo, nikaingia ya pili ikipiga kelele, nikaingia kando ya barabara polepole kabisa na tanboi wangu akashuka na jiwe kabla hata gari haijasimama. Farasi hawakujua kitu. Mimi mikono ilikuwa inatetemeka.

Kilichotokea ni mambo mawili. Silinda ya breki ya gurudumu la nyuma kulia ilikuwa inavuja polepole ndani ya dramu, haionekani nje. Na mafuta ya breki yalikuwa ya zamani. Gereji iliyofanya savisi miezi miwili nyuma iliandika kwa risiti kwamba imebadilisha, lakini tulipoyatoa yalikuwa rangi ya chai ya rangi. Mafuta ya breki yanavuta maji kutoka hewani, kila mwaka yanazidi kuvuta, halafu ukishuka mlima mrefu breki zikipata moto yale maji yanachemka yanakuwa mvuke, na mvuke unabonyea, kwa hivyo unakanyaga hewa. Siku hizi naleta chupa yangu mwenyewe, nasimama hapo hadi mafuta mapya yatoke safi magurudumu yote manne. Raba za silinda nabadilisha zote kila mwaka wa pili hata kama hazivuji, ni vitu vya bei ndogo. Dramu zinafunguliwa kila miezi sita. Na mlima nashuka na gia ile ile ningepandia, spidi 40, egzosti breki imewashwa, foleni nyuma ikipiga honi ni sawa, wanaweza kusubiri.

Uendeshaji wenyewe lazima ujifunze upya hata kama umeendesha lori miaka ishirini. Farasi yuko juu na anahama. Kwa raundabauti uzito wote unaegemea upande mmoja, halafu unarudi ukinyoosha, na ukikata kona haraka unasikia kwa usukani gari inakuvuta. Mimi napunguza spidi kabla ya kona, sio ndani ya kona, na breki naanza kugusa mapema sana. Matuta kijiji, gia ya kwanza. Nilimfundisha dereva wangu kwa kumweka yeye nyuma, kwa uwanja wetu, gari ikiwa tupu, asimame bila kushika kitu nikaendesha vile alikuwa anaendesha yeye. Dakika tano zilitosha, hajarudia.

Springi za NPR ni ngumu, zilitengenezwa kwa tani tatu za viazi, na farasi watatu wangu ni kama tani moja na nusu tu. Ikiwa na mmoja peke yake inaruka kama punda. Nilitoa jani moja la springi kila upande wa nyuma, baada ya kwenda kwa mizani na kujua gari tupu na bodi yake ni tani 3.9, yaani usitoe jani kwa kukisia. Imekuwa laini zaidi na haijalala. Shok absoba nne mpya nazo zilisaidia kuliko nilivyotarajia.

Injini sina mengi. Oili ya 15W-40 kila kilomita 5,000 ama miezi sita, filta ya dizeli, ile kikombe cha kutenganisha maji nakifungua kila mwezi kwa sababu gari inayokaa sana tangi linatoa jasho ndani. Spea ziko kila mahali, hata Gilgil usiku utapata mtu ana nozeli ya 4HF1. Kitu kimoja cha kukumbuka, egzosti ilikuwa inatokea nyuma kabisa karibu na rampu na moshi ulikuwa unarudi ndani kwa farasi tukiwa foleni, tukaikata ikatokea kando mbele ya gurudumu. Gia ya tatu bado inalia, miaka sita, vile vile tu mzee alivyosema.

Kukaa bila kutembea ndiko kunaumiza gari ya namna hii. Lori la viazi linafanya kazi kila siku, hili langu linaweza kukaa wiki tatu. Betri mbili, maana ni volti 24, zilikufa mara mbili hadi nikaweka swichi ya kukata umeme wa betri. Na tairi, 7.50-16, kashata, yaani meno yake, zilikuwa nzima kabisa lakini ubavuni zimepasuka nyufa ndogo ndogo kwa uzee. Angalia ile namba ya tarakimu nne kwa tairi, ikiwa 2316 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Muuzaji mmoja alinitolea tairi mpya inang'aa na namba ilikuwa ya miaka saba nyuma, nikamrudishia.

Karatasi nitapita haraka. Bodi ikibadilika lazima logbuku ibadilike nayo kwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, usibaki na logbuku inayosema lori la mzigo wazi na wewe una nyumba ya farasi nyuma. Inspeksheni kila mwaka, spidi gavana, laifseva mbili (zile pembetatu za kung'aa), kizima moto, stika za kung'aa. Kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa wa mifugo, na kitabu cha chanjo, hasa ya ule ugonjwa wa farasi unaoenezwa na usubi, kwa sababu ukipata farasi ambaye hana kinga unaweza kumzika ndani ya siku chache. Kwa hio sababu pia sisimami karibu na ziwa Naivasha jioni, usubi hutoka wakati jua linazama. Naenda mbele hadi pakavu ndio nisimame. Bima uliza waziwazi kama farasi wenyewe wamo, maana ya kwanza niliyochukua ilikuwa ya gari peke yake, na mimi nilikuwa nimeelewa vingine.

Pesa sasa, kwa vile nimeweka kumbukumbu kwa daftari. Kununua 950,000. Bodi ya kwanza 420,000. Sakafu ya pili 138,000. Rampu, rangi na springi zake 61,000. Matengenezo ya kawaida, tairi na breki zikiwemo, yanacheza kati ya 150,000 na 190,000 kwa mwaka, mwaka mmoja tu ndio yalipita 240,000 kwa sababu ya klachi. Dizeli inakula kilomita 5.5 kwa lita nikiwa na farasi, kwa hivyo Karen hadi Gilgil kwenda na kurudi ni kama lita 45. Ukiwa na farasi mmoja na unasafiri mara nne kwa mwaka, kodi gari ya mtu, haikulipi kununua. Mimi nasafiri karibu kila wikendi ya pili, na nabebea majirani wawili wanaonilipa mafuta na kidogo juu, ndio maana inasimama.

Wengine wataniambia trela nyuma ya Land Cruiser ni bora. Iko chini, rampu yake fupi, farasi anapanda kwa urahisi, hio ni kweli, na kwa farasi mmoja au wawili hapa hapa Karen na Langata ningeichukua. Lakini kwa mlima wa Kinungi, upepo wa pale juu, na malori yanayokupita yakikuvuta, mimi nataka chesisi moja, breki moja, uzito wote chini ya kiti changu. Canter nayo ni nzuri, rafiki yangu ana ya injini ya 4D33 imekula chumvi kuliko yangu na bado inapanda. Tofauti ni kabini, yangu ina nafasi ya watu watatu vizuri na saisi anakaa mbele na sisi. Hakuna mtu wangu anasafiri nyuma na farasi. Mimi nilisafiri hivyo miaka kumi na moja kwa sababu hakuna aliyeniuliza.

Ningeipa alama 8 kwa 10 kama gari ya farasi, mbili nimezitoa kwa ule urefu wa sakafu kutoka chini, ambao hata rampu ndefu haiumalizi, na kwa ugumu wa springi ukiwa na farasi mmoja. Kama ningeanza leo ningenunua hii hii tena, kwa mzee yule yule kama bado anauza, na pesa ya kwanza kabisa, kabla ya rangi na kabla ya jina ubavuni, ingeenda kwa mzee wa Kariobangi atoe mbao zote tuone chini kuna nini.

Wiki ijayo inaingia gereji siku tatu, bushi za springi za mbele zimeanza kugonga na nimeona jasho la mafuta kwa silinda ya kushoto nyuma. Kulikuwa na safari ya Nanyuki Jumamosi. Nimewapigia simu nikawaambia Tausi haji.